Mtoto Amefika: Nani Anamtunza Mama?

Somo kwa wazazi wapya, na kwa wote wanaokaa nao nyumbani

Wababa na wamama, siku mtoto anapozaliwa nyumba inajaa watu. Kila mmoja anauliza: ni wa kiume ao wa kike? Anafanana na nani? Ana kilo ngapi? Maulizo hayo ni mazuri, hata sisi hapa maternite tunayauliza. Lakini kuna ulizo moja ambalo watu wanalisahau, na sisi wauguzi tunalisahau pia: mama mwenyewe yuko namna gani?

Nitaanza na kosa langu mimi. Nilipokuwa muuguzi kijana nilifanya zamu ya usiku katika chumba cha wamama waliozaa. Alikuwako mama mmoja, uzazi wake wa kwanza, mtoto wa kilo 3, hakuna matata yoyote. Wamama wengine waliita, waliomba maji, waliomba dawa ya maumivu. Yeye hapana. Alilala akitazama ukuta. Nikimwuliza, anajibu tu: "Niko muzuri, madamu." Nilimpenda sana kwa sababu hakunisumbua. Katika daftari ya zamu niliandika: mama mzima, mtoto mzima. Kesho yake walikwenda nyumbani.

Juma la tatu mama mkwe akaleta mtoto siku ya kupima kilo. Mtoto alikuwa chini ya uzito aliozaliwa nao, na kwa kawaida mtoto anaurudisha uzito ule katika majuma mawili. Mama mkwe akasema mbele ya watu wote: "Bibi ya mutoto wangu ni mvivu. Mutoto analia, yeye anaangalia tu." Nikamwita yule mama pembeni. Alilia muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Tangu siku nilizaa, hakuna mutu ananigusa mimi. Wanagusa mutoto tu."

Hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, na ugonjwa wake ulianza mbele ya macho yangu, nami nikaandika kwamba ni mzima. Tangu siku hiyo nawafundisha wanafunzi wangu: mama asiyeomba kitu, keti kando yake kwanza.

Siku ya kwanza

Mama aliyezaa abaki maternite saa 24 angalau, hata akisikia nguvu. Ninajua kwa nini jamaa wanaharakisha kumtoa: wanahesabu franka, tena nyumbani kuna watoto wengine, mbuzi na shamba. Lakini kutoka damu nyingi baada ya kuzaa kunaweza kuua mama kwa saa chache, na mara nyingi kunatokea siku ile ya kwanza. Ikiwa kitambaa kimoja kinajaa damu kwa dakika tano, ao vitambaa viwili ama vitatu kwa robo saa, usingoje mtu yeyote akupe ruhusa. Ita muuguzi mbio. Na kama amezalia nyumbani ao njiani, mpeleke kituo cha afya siku ile ile, hata damu ikiwa kidogo.

Mtoto awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja na kikwembe. Anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa ya kwanza ni ya manjano na mazito. Wazee wengine wanayakamua na kuyatupa chini, wanasema ni machafu. Sivyo. Yale ni kinga yake ya kwanza, na hata matone machache yanamtosha, maana tumbo lake bado ni dogo sana. Asipewe maji ya sukari, wala chai, wala dawa ya majani. Asioshwe mpaka saa 24 zipite. Sisi tunaokaa milimani tunajua baridi ya asubuhi. Mtoto mchanga hajui kujitia joto.

Juu ya kitovu: kiachwe kikavu na kisafi. Ikiwa kituo cha afya kimekupa dawa ya klorheksidini, tia ile tu kama ulivyoonyeshwa, wala usiitie machoni kamwe, inaharibu macho. Majivu, chumvi, mavi ya ng'ombe, mafuta ya mawese, vyote hivyo vikae mbali. Pepopunda inaingia kwa mlango ule.

Mwili wa mama

Watu wanafikiri kwamba kazi imeisha mtoto anapotoka. Mwili wa mama unahitaji majuma sita, na mara nyingine zaidi, kurudi mahali pake. Damu itatoka nyekundu siku za kwanza, kisha itapauka, kisha itakwisha. Tumbo litauma mtoto anaponyonya, zaidi kwa mama aliyekwisha kuzaa mara nyingi; ni tumbo la uzazi linajikaza, ni dalili njema. Lakini damu au maji yenye harufu mbaya, pamoja na homa, si dalili njema hata kidogo.

Kuelekea siku ya tatu maziwa yanashuka kwa nguvu. Matiti yanakuwa magumu kama jiwe, mama anaogopa kumpa mtoto. Dawa yake ni mtoto mwenyewe: anyonye mara nyingi, usiku na mchana, mara 8 ao zaidi. Akamue kidogo kwanza kusudi mtoto aweze kushika vizuri. Mdomo wake ufunguke sana, uchukue na ile sehemu nyeusi, si ncha peke yake; ncha peke yake inaleta vidonda. Titi moja likiwa jekundu, la moto, na mama anatetemeka kwa homa, aje tumwone, lakini asiache kunyonyesha.

Chakula: maharagi, sombe, lenga-lenga, samaki wadogo, yai kama liko. Nimesikia nyumba zinazomkataza mama yai, na baba akalila. Mama anayenyonyesha anakula kwa watu wawili, anywe maji kila anapokaa kunyonyesha, ameze vidonge vya kuongeza damu alivyopewa mpaka viishe. Alale ndani ya chandarua pamoja na mtoto.

Tumbo lisikandwe kwa maji ya moto sana. Maji ya vuguvugu kwa kuoga ni mazuri, yanapumzisha. Lakini nimetibu wamama waliounguzwa ngozi ya tumbo na mikono iliyowapenda.

Kulia kwa siku ya tatu, na huzuni isiyokwisha

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo watu wanapokosea zaidi.

Wamama wengi, siku ya tatu mpaka ya tano, wanalia bila sababu. Mtoto mzima, bwana mwema, chakula kiko, naye analia. Ni mwili unaogeuka, pamoja na usingizi uliokosekana. Usimwambie "Unalilia nini, na wenzako hawana mtoto?" Mpe uji wa moto, mchukulie mtoto saa mbili alale. Kulia huko kunakwisha kwenyewe kabla ya majuma mawili.

Kukipita majuma mawili bila kwisha, ama kukizidi, ni neno lingine. Huo ni ugonjwa wa huzuni baada ya kuzaa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi maskini kama zetu, mama mmoja hivi katika watano anapata ugonjwa wa roho namna hii baada ya kuzaa. Hesabu mabenchi siku ya kupima kilo. Wamama ishirini wakiketi, wanne wanaweza kuwa wanaubeba, nao wamevaa vizuri na wanasalimia.

Unaonekana namna gani? Mama halali hata mtoto akilala. Hasikii njaa. Anamtazama mtoto kama mtoto wa mtu mwingine, kisha anajihukumu kwa sababu hiyo. Anasema yeye si mama mzuri. Kichwa kinauma, mgongo unauma, moyo unapiga mbio. Wengi wetu hatusemi "nina huzuni", tunasema "mwili hauna nguvu" ama "niko na mawazo mingi". Muuguzi anayemsikia anampa dawa ya kichwa, na mama anarudi nyumbani na mzigo wake.

Nawafundisha wanafunzi kuuliza maulizo mawili tu, kwa sauti ya chini, bila mama mkwe kusikia. La kwanza: "Mama, katika mwezi huu, roho yako ilikuwa chini, ukaona hakuna tumaini?" La pili: "Vitu vilivyokufurahisha zamani, vinakufurahisha bado?" Akijibu kwamba roho iko chini, ama kwamba hafurahi tena, ongeza la tatu: "Umewaza kujidhuru, ao kumdhuru mtoto?" Wanafunzi wanaogopa ulizo la tatu, wanafikiri litamtia wazo. Halimtii. Kama wazo liko, liko tayari, na mama anapumua mtu anapolitaja.

Huu ni ugonjwa, si pepo, si upungufu wa imani, wala si kwamba mtu amemroga. Mama aombewe, ni vema, nami naomba pamoja nao. Lakini asifungiwe ndani ya chumba cha maombi bila chakula. Mama anayenyonyesha asifungishwe chakula. Mchungaji mwenye hekima anaomba, kisha anamsindikiza mama hospitali.

Tena kuna ugonjwa ulio mkali zaidi, si wengi wanaoupata, nao unaanza ghafla katika majuma ya kwanza: mama halali kabisa, anasema maneno yasiyoshikamana, anasikia sauti, anaona mtoto ni mnyama ama ni mtu mwingine. Huyo aletwe siku ile ile, hata usiku. Mtoto asiachwe naye peke yake. Asifungwe kamba, asipigwe. Anaweza kupona vizuri akitibiwa upesi.

Yule mama wa zamu yangu alipona bila dawa nyingi. Tulifanya mambo matatu madogo. Kila siku ya kupima kilo niliketi naye robo saa, kabla ya kumgusa mtoto. Mama mkwe tulimwita akaelezwa, peke yake, bila aibu. Alinyamaza, kisha akasema hata yeye uzazi wake wa pili ulikuwa hivyo na hakumwambia mtu. Na bwana yake alianza kubeba mtoto kifuani kila jioni, kusudi mama alale kabla ya usiku. Mtoto akawekwa titini mara nyingi zaidi, mwezi uliofuata kilo zikapanda. Wengine wanahitaji dawa, na zipo dawa ambazo mama anaweza kuzimeza akiendelea kunyonyesha. Daktari ndiye anayechagua. Usinunue dawa ya usingizi sokoni.

Neno kwa baba

Baba mmoja aliniambia: "Madamu, kwetu mwanaume haingii mambo ya mama muzazi." Nikamwuliza: bidoni ya maji ya lita 20 ina kilo ngapi? Akacheka. Ni kilo 20. Bibi yake, siku ya tano, na uzi wa kushonwa ukiwa mwilini, alikuwa akiipandisha mlima kutoka kisimani. Hakuwa amewaza. Kwake maji yalikuwa yakitokea tu nyumbani, kama jua.

Majuma sita ya kwanza, maji na kuni si kazi ya mama. Kama unaona haya kubeba bidoni kichana, beba asubuhi mapema. Wengine wameanza hivyo, na sasa wanabeba mchana. Shika mtoto baada ya kunyonya, umweke begani acheue. Kama mtoto amezaliwa mdogo, chini ya kilo 2 na nusu, kifua chako kinafaa kama cha mama: mtoto anavikwa kofia na nepi tu, anawekwa wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, anafungwa na kitambaa, saa nyingi za mchana na usiku. Njia hiyo ilianza Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu mashine za joto hazikutosha. Nasi pia hazitutoshi, na wakati umeme unapokwisha kifua cha baba hakizimiki.

Msilale pamoja mpaka damu imekwisha, vidonda vimepona, na mama mwenyewe amesema yuko tayari. Neno la mama ndilo kalenda. Zungumzeni na muuguzi juu ya kupanga uzazi kabla ya siku hiyo, si baada yake; mwili unataka miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha kunazuia mimba ikiwa tu mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine ila titi, mchana na usiku, na mama hajaona damu ya mwezi. Kimoja kikivunjika, kinga imevunjika.

Na wewe baba, una hofu yako. Wengi wanakosa kuja kutazama mtoto kwa sababu wanazunguka wakitafuta fedha ya kulipa, nao wanaona haya kuingia na mikono mitupu. Ingia. Mama aliyelala pale hajui kama unahangaika. Anajua tu kwamba hukuja. Wababa nao wanapata ugonjwa wa huzuni mtoto anapozaliwa, lakini kwao unatoka kama hasira ama pombe. Ukijiona hivyo, njoo, mlango ni ule ule.

Wageni, mama mkwe, wamama wa kanisa

Desturi yetu ya kumtembelea mzazi ni nzuri, tusiiache. Lakini mgeni anayekuja mikono mitupu, anakaa saa tatu, anangoja chai ipikwe na mama mzazi mwenyewe, huyo ametembelea tumbo lake. Wamama wa kanisa, gawanyeni kazi: huyu leo anafua vitambaa, yule kesho analeta sombe iliyopikwa, mwingine anachukua watoto wakubwa. Ukiwa na kikohozi ao mafua, salimia ukiwa mlangoni. Nawa mikono kabla ya kumshika mtoto, wala usimbusu midomoni.

Mama mkwe, wewe ni mwalimu wa nyumba. Mama kijana anakuogopa kuliko anavyoniogopa mimi. Neno lako moja, "Unafanya vizuri, mwanangu", linashusha maziwa kuliko uji.

Walio peke yao

Mashariki mwa Kongo yetu vita vimewatenga wengi na watu wao. Mama anazalia katika kambi, ao katika nyumba ya jamaa aliyempokea, mama yake yuko mbali, bwana hajulikani aliko. Jirani ndiye mama yake sasa. Mwulize: jana usiku ulilala? Leo ulikula?

Mama ambaye mtoto wake amekufa, maziwa yatashuka vilevile siku ya tatu, naye hatakuwa na wa kumpa. Mwonyesheni kukaza kitambaa kwa upole na kukamua kidogo tu kupunguza maumivu. Msimwambie "Utazaa mwingine." Mtajeni mtoto kwa jina kama alipewa.

Na yuko mama aliyepata mimba kwa nguvu, bila kutaka. Anaweza kumpenda mtoto leo na kumkataa kesho. Asihukumiwe, wala habari yake isizungumzwe kwenye bomba la maji. Aongozwe kwa muuguzi ama mshauri anayejua kushika siri, na mtoto asipewe jina la kumkumbusha alichotendewa.

Siku za kurudi, na siku za kukimbia

Baada ya kutoka maternite, mama na mtoto waonwe tena siku ya pili ama ya tatu, juma la pili, na juma la sita. Mtoto anapata sindano ya kinga ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa, kisha chanjo nyingine juma la 6, la 10 na la 14. Msisahau kumwandikisha kwa ofisi ya serikali kabla ya siku 90 kupita.

Usingoje siku ya kupima kilo ikiwa mama anatoka damu nyingi, ana homa, kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza, amepatwa na kifafa, mguu mmoja umevimba na kuuma, ama anapumua kwa shida. Na mtoto akikataa titi, akilegea, akiwa wa moto ao wa baridi, akipumua mara 60 ao zaidi kwa dakika, kifua kikizama ndani, akishikwa na degedege, kitovu kikiwa chekundu chenye usaha, ama nyayo zikiwa za manjano, mfunge kifuani ngozi kwa ngozi, umnyonyeshe njiani kama anaweza, na uje. Mtoto mchanga hangoji asubuhi.

Maulizo ya kuzungumza siku ya kupima kilo

1. Uzazi wako wa mwisho, nani alichota maji juma la kwanza?
2. Kwetu wanasema nini juu ya mama anayelia akiwa na mtoto mzima? Neno hilo linamsaidia, ama linamnyamazisha?
3. Wababa walio hapa: mlikuwa wapi usiku wa pili?
4. Taja nyumba moja karibu na kwako yenye mtoto mchanga. Nani atapita pale kabla ya Jumapili, na atachukua nini mkononi?